Mgonjwa Aliyenigombeza kwa Kizigua

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili mjini Morogoro. Chuoni nilifundishwa mengi na ninayatumia kila siku, lakini lugha iliyoniletea heshima kubwa kuliko zote kazini niliipata jikoni kwa bibi yangu, mzaa mama, huko Kinole kwenye milima ya Uluguru.

Bibi ni Mzigua. Alizaliwa kaskazini, karibu na mpaka wa Handeni, akaolewa na babu yangu Mluguru aliyekuwa akizunguka na biashara ya tumbaku, akapanda naye mlimani. Majirani alizungumza nao Kiluguru. Walimu wetu alizungumza nao Kiswahili. Kizigua alikiweka kwa ajili ya wajukuu na kuku wake, na kwa kuwa kuku hawakuwa wakijibu, mimi ndiye niliyelazimika kujibu. Mama alikuwa kibarua kiwandani mjini, akaniacha kwa bibi mpaka nilipofika darasa la tano. Kwa hiyo lugha niliyoombea uji, niliyochapiwa na niliyobembelezewa nilipoumwa malaria, ilikuwa Kizigua.

Shuleni watoto wenzangu walinicheka. Kinole ni ya Waluguru, na neno moja la kigeni likikuponyoka uwanjani linakufuata wiki nzima. Nilipohamia mjini kusoma, Kizigua nikakiacha kwenye begi kama nguo ya kijijini, nikaendelea na Kiswahili na Kiingereza cha vitabuni. Nilikirudia nilipokwenda kumsalimia bibi tu. Sikuwahi kukiandika kwenye maombi ya kazi. Nani angekihitaji?

Siku aliyoletwa yule mama ilikuwa siku ya kliniki, mabenchi yamejaa hadi kwenye ukumbi wa dawa. Alikuja na binti yake, msichana mchangamfu aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba karibu na stendi ya Msamvu na kuongea Kiswahili cha stendi hasa. Mama mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, amejitanda kanga juu ya baibui, macho chini. Alikuwa na umri kama wa mama yangu, ila alitembea kama mtu aliyebeba mzigo usioonekana.

Binti alitueleza. Wametoka Somalia. Mama alikaa kambini Kenya kwa miaka mingi kabla ya yeye kumvuta aje kuishi naye Morogoro. Tangu afike hali chakula mpaka alazimishwe, hatoki nje, halali. Na kwa miezi kadhaa sasa hazungumzi na mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye, tena kwa kunong'ona.

Daktari wetu ni mwanamke makini, mtu wa Kagera, asiyependa kumwandikia mtu dawa kabla ya kumsikia. Hakutaka binti amtafsirie mama yake mambo mazito, na kwa kuwa mgonjwa alitoka Somalia, bila yeyote kati yetu kuuliza nyumbani wanazungumza lugha gani, alimtafutia mkalimani: mzee mmoja Msomali mwenye duka mjini, mstaarabu, aliyekuwa akitusaidia bure kila tulipomwita. Mzee akaketi, akamsalimia kwa upole, akaanza kutafsiri maswali.

Kila swali lilipotoka, yule mama aligeuza uso zaidi ukutani. Swali la tatu au la nne likamkuta amejifunika kanga mpaka mdomoni.

"Anaelewa?" daktari akauliza.

"Anaelewa sana," mzee akajibu kwa huzuni. "Hataki tu. Sitaki kumsumbua, daktari."

Adhana ikaita, mzee akaomba ruhusa kwenda msikitini. Daktari akatoka kwenda kuzungumza na wenzake kuhusu kumlaza. Nikabaki mimi, binti na mama, na kazi yangu ikawa kumpima presha tu. Nilikuwa nimeinama nikifunga mkanda kwenye mkono wake aliponong'ona kitu kwa binti yake.

Alisema ana kiu. Alisema *mazi*, yaani maji. Halafu akaongeza kwamba watu hawa wamemchosha na anataka kurudishwa nyumbani.

Nilielewa yote kabla sijajua kwamba nimeelewa. Ilinichukua muda kidogo kugundua kwamba hakusema Kisomali wala Kiswahili. Mikono yangu ilisimama kwenye ule mkanda. Sikuwahi kusikia lugha ile ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine ndani ya hospitali.

Nikamjibu, kwa Kizigua: "Ngoja, mama, nakuletea maji sasa hivi."

Baadaye watu waliponiuliza habari hii walitaka niwaambie kwamba alinikumbatia na kulia. Hapana. Aliinua kichwa, akanikazia macho, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake halisi. Ilikuwa sauti ya ukali.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama."

"Nani amekutuma useme maneno ya watu wangu?"

"Ndivyo anavyosema bibi yangu. Nimelelewa naye."

"Bibi yako ametoka kijiji gani cha mtoni?"

"Hakutoka mtoni. Ametoka hukuhuku, Uzigua."

Akaguna. "Uzigua ni hadithi za wazee. Tangu nifike hapa kila mtu ananisemesha Kiswahili. Na hilo neno la kungoja umelitamka vibaya. Rudia."

Nikarudia. Akanisahihisha. Nikarudia tena. Binti yake alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anacheka.

Hapo nikakumbuka nilichowahi kusimuliwa na bibi: kwamba zamani sana, wakati wa njaa kubwa, Wazigua wengi walivushwa bahari wakapelekwa utumwani Somalia, na wengine walitoroka wakajenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Bibi aliisimulia kama habari ya watu waliopotea. Kumbe hawakupotea. Wajukuu na vitukuu waliendelea kukizungumza Kizigua kule, kizazi baada ya kizazi, na mmoja wao alikuwa mbele yangu, ananifundisha kutamka.

Daktari akarudi akatukuta hivyo. "Sista, anasemaje?"

"Ananigombeza, daktari. Anasema naharibu lugha."

Daktari akavuta kiti taratibu akaketi pembeni. "Basi mgombane," akasema. "Msiache."

Tangu siku hiyo mgonjwa yule akawa wangu na daktari kwa pamoja. Lakini furaha yangu haikudumu, maana nilipokaa naye mara ya pili niligundua kwamba Kizigua changu ni cha mtoto. Niliweza kumuuliza kama amekula, kama ana homa, kama amelala. Niliweza kumwambia afukuze kuku. Sikuwa na neno la kukata tamaa. Sikujua ningemuulizaje mtu kama anayaona maisha bado yana maana kwake. Maswali yetu ya kitaalamu, nikiyatafsiri moja moja, yalitoka kama maagizo ya polisi.

Jumamosi nikapanda pikipiki kwenda Kinole. Njia ilikuwa na utelezi, ukungu umekaa kwenye migomba, na dereva aliimba njia nzima ili nisione jinsi anavyoogopa. Bibi nilimkuta anapukuchua mahindi. Kabla sijakaa akaniuliza sukari yake iko wapi. Nikampa sukari, nikampa na betri za redio, ndipo akanikubalia mazungumzo.

"Bibi, mtu akiwa na huzuni isiyokwisha, kwenu mnasemaje?"

"Huzuni ya nini? Ya kufiwa? Ya kuachwa na mume? Ya kukosa mtoto?"

"Sijui bado. Hajaniambia."

"Sasa utaitaje jina la kitu usichokijua?" Akatupa gunzi kwenye kikapu. "Mama yangu alikuwa akimkuta mtu amekaa kimya hivyo, anamuuliza: moyo wako umekaa wapi leo? Mtu anajibu. Umekaa kwa mwanangu, umekaa shambani, umekaa kwa marehemu. Ukishajua umekaa wapi, unaweza kumfuata huko."

Sikumwambia ninamuulizia nani, naye hakudadisi. Tulishinda mchana mzima. Alinipa maneno ya hofu, ya aibu, ya usingizi unaokatikakatika, ya mwili unaochoka bila kazi. Mengine alilazimika kuyatafuta, akitazama darini, kisha akifurahi kama aliyeokota kitu chake. Nilishuka mlimani nikiyarudiarudia nyuma ya pikipiki, na dereva akaacha kuimba akanisikiliza.

Alhamisi iliyofuata nikakaa na yule mama kwenye chumba kidogo cha mwisho, dirisha likiangalia milima. Sikushika kalamu. Nikamuuliza kwa Kizigua, moyo wake umekaa wapi.

Safari hii hakunisahihisha matamshi. Aliangalia milima. Halafu akasema, "Umebaki kwenye mchanga."

"Mchanga upi, mama?"

"Kwenye mchanga, njiani," akasema. "Kwa mwanangu wa kwanza."

Akanisimulia. Vita vilipofika kijijini kwao, watu wenye bunduki walichukua mahindi, wakachukua ng'ombe, wakawaambia wahame. Wanaume walikimbilia upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alipata homa njiani. Alimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Alikufa jua likiwa kali, mahali pasipo na mti wala jina. Wenzake walimhimiza wasisimame. Alichimba mchanga kwa mikono, akamfunika kwa kanga yake, akanyanyuka. Hakukuwa na mwanamume wa kumsalia. Hakukuwa na matanga. Mumewe hakuonekana tena. Kambini Kenya walikuja watu wa misaada kumuuliza habari zake, wema kabisa, na kila mara mkalimani alizungumza Kisomali.

"Ninakijua vizuri kile Kisomali," akaniambia. "Wale wenye bunduki walikuwa wakitupigia kelele kwa lugha hiyo. Nikiisikia, narudi palepale. Yule mzee wenu wa duka hana kosa lolote. Mwambie anisamehe, nilimgeuzia mgongo."

Nimesikiliza habari nyingi za msiba katika kazi hii, na nimejifunza kutolia mbele ya mgonjwa. Siku ile niliona sikuwa nimejifunza vya kutosha. Alinipa ncha ya kanga yake nijifute.

Ningependa kusema kwamba alipona siku ileile. Daktari alimpima akasema ni sonona kali pamoja na mshtuko wa muda mrefu, akamwanzishia dawa, na mimi nikamweleza kwa Kizigua dawa zinafanya nini na hazifanyi nini. Wiki chache mbele akaziacha. Jirani alimwambia ni dawa za vichaa na zitamlevya mpaka asahau hata jina lake. Nilimfuata nyumbani kwao Mji Mpya, nikamkuta amelala akiangalia ukuta kama mwanzo, na safari hii mimi ndiye niliyegomba.

"Umenisahihisha maneno yangu yote," nikamwambia. "Sasa nami nakusahihisha hili moja. Wewe si kichaa. Una jeraha. Ungevunjika mguu ungetupa plasta?"

Akageuka. "Nani kakufundisha kugomba hivyo?"

"Bibi."

"Huyo bibi," akasema, "ningependa kumwona."

Alirudia dawa. Polepole usingizi ukakaa. Akaanza kula, akaanza kulalamika kwamba wali wa binti yake haujaiva, na binti akanipigia simu kwa furaha kunieleza malalamiko hayo. Lakini bado kulikuwa na kitu kimemkwama, nacho alikitaja mwenyewe, siku moja tulipokuwa tumemaliza mazungumzo na amesimama mlangoni.

"Mwanangu hajawahi kuliliwa kwa lugha yake."

Nikalipeleka neno hilo kwa daktari, maana si jambo la kawaida katika matibabu yetu. Daktari alifikiri, akasema: "Kama msiba haukufanyika, na yeye anataka ufanyike, sisi ni nani wa kumzuia? Kamsaidie." Kwa idhini ya mgonjwa, na kwa ombi lake mwenyewe, nikampigia bibi.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Uani kwa binti walitandika mikeka, wakapika pilau, sheikh wa mtaani akaja na wanafunzi wa madrasa kusoma hitima. Wanawake wa jirani walikuja, na kumbe miongoni mwao walikuwamo wengine watatu wanne wenye asili ya kulekule mtoni ambao sikuwajua. Yule jirani wa maneno ya vichaa naye alikuja, amebeba sufuria. Na yule mzee Msomali wa duka alileta mfuko wa mchele, akasimama mlangoni hana hakika. Mama akaenda kumpokea mwenyewe. Sikusikia walichosemezana. Niliona tu mzee akiweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kisha akaingia akaketi na wanaume wenzake.

Bibi alifika kwa bajaji kutoka stendi ya magari ya mlimani, amevaa kanga mpya, analalamikia magoti. Yule mama alipomwona akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha bibi akaendelea kwa Kizigua, salamu ndefu za kwao, za kuulizana nyumba, mashamba na wazee, na yule mama akajibu kila sehemu kwa mpangilio, bila kukosea. Watu wawili ambao mababu zao walitenganishwa na bahari na miaka mingi walikuwa wakisalimiana kama waliopishana kisimani asubuhi.

"Mtoto wetu alikuwa nani?" bibi akamuuliza.

Mama akalitaja jina la mwanawe. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja.

Bibi akalirudia jina lile, akaanza kulilia. Si kilio cha kuigiza. Ni namna ya zamani ya kumlilia marehemu kwa maneno, unamwita, unamuuliza mbona ameondoka mapema, unamweleza waliobaki wanafanya nini. Niliwahi kuisikia mara moja tu, babu alipofariki. Mama akaingia ndani ya kilio hicho. Mwanzoni sauti ilikwama, halafu ikafunguka, na wale wanawake wengine wa mtoni wakaipokea. Alilia mpaka mtandio ukalowa, kichwa kwenye mapaja ya bibi yangu, na binti yake amemshika miguu. Sheikh alisubiri. Hakuharakisha mtu.

Walipomaliza, mama akajifuta uso, akatazama huku na huku, akauliza kama wageni wameshapakuliwa.

Nilisimama kando ya masufuria, nimevaa gauni la kawaida, si sare, na nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuipata siku ya kupokea cheti wala siku ya kupandishwa daraja. Fahari ya bibi aliyeshuka mlima na magoti yake mabovu. Fahari ya watu ambao vita havikuwanyang'anya lugha yao. Na, nakiri, fahari yangu mimi, msichana wa Kinole niliyechekwa uwanjani.

Baada ya hapo habari zilisambaa bila sisi kuzitangaza. Wazigua wenzake yule mama, waliotoka Somalia na kupewa makazi kule Handeni, walianza kutuma wagonjwa, wakishuka Msamvu na kuuliza hospitali yenye nesi wa Kizigua. Daktari aliomba tutengewe Alhamisi nzima. Akaenda mbali zaidi: alikusanya wauguzi wote akatuuliza, mmoja mmoja, nyumbani kwetu tulikuwa tukizungumza nini. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo kazini. Mwenzangu wa kiume aliyekulia Kigoma akasema kwa aibu kidogo kwamba anajua Kirundi. Sasa ndiye anayekaa na familia za Warundi, na ukipita nje ya chumba chake utasikia watu wanacheka, jambo ambalo zamani halikuwapo. Dada wa wodi ya wanaume, ambaye wazazi wake walitoka Msumbiji kukata mkonge, amegundua kwamba wazee wawili tuliodhani wamepoteza akili kabisa wanajibu vizuri ukiwasemesha Kimakua. Juzi alinifuata kantini kunieleza, hata chai yake aliisahau mezani.

Bibi naye ameharibika kwa sifa. Kinole nzima inajua kwamba hospitali ya mkoa inatibu kwa maneno yake. Nimemwambia si hivyo hasa, kuna dawa, kuna madaktari. Ananijibu kwamba dawa anazijua, lakini zilielezwa kwa maneno ya nani?

Alhamisi iliyopita niliingia kazini nikakuta mwanamke mgeni kwenye benchi, kijana, amekumbatia mkoba. Kabla sijamfikia nikamwona yule mama, mgonjwa wangu wa kwanza wa Kizigua, aliyekuja kuchukua dawa zake, akinyanyuka kutoka upande wa pili. Amenenepa siku hizi. Mchana anauza sambusa pale kwenye viatu vya binti yake. Aliketi kando ya yule mgeni, akamwekea mkono begani, akaanza kumsemesha kwa Kizigua, taratibu, akimuuliza ametokea wapi, amelala wapi, amekula nini. Yule kijana akageuka kumtazama. Mkoba ukalegea mikononi mwake.

Mama akaniona nimesimama na faili.

"Nenda kanywe chai kwanza," akaniambia. "Huyu nitakuletea mwenyewe akiwa tayari."

Nikaenda kunywa chai.